Fu

Bwana Qiu hawezi kulitamka jina langu zima.
Namsifu, namwambia, Nam-si-fu;
ulimi wake hupita juu juu, hutua mwisho:
Fu.
Miaka miwili sasa kambini, chini ya Jabali Akhdar,
mimi na sufuria zangu, yeye na darubini ya kupimia barabara,
na jina nililobatizwa Usangi kwa maji ya baridi
limebaki silabi moja.

Mlangoni pake pana karatasi nyekundu,
herufi moja nyeusi, imebandikwa kichwa chini.
"Hii ndiyo wewe," aliniambia kwa Kiarabu chetu cha jikoni.
"Fu. Heri. Tunaipindua ili heri imwagike ndani."
Nikacheka. Kwetu, nikamwambia, fu
ni ya mfu, na ni ya kufufuka;
iko kaburini na iko Pasaka.
Nikaandika kwa kidole penye unga: FURAHA.
Nikaifuta fu. Ikabaki RAHA.
"Hiyo hapo," akasema, "inatosha."

(Suleiman muuza mboga alitupinga wote wawili:
maneno hayo ni ya Kiarabu, kila moja na mzizi wake,
na nyinyi ni wezi wa nyanya na wa lugha.)

Inatosha. Hapo ndipo tunapoachana.

Mwanangu Mbonea hajasema nami tangu Kwaresima ya mwaka juzi.
Nilimwacha na miaka saba, nikarudi likizo ana kumi na moja,
akanipa mkono kama anayemsalimu mkaguzi wa shule.
Kila Ijumaa namtumia sauti yangu simuni.
Kila Ijumaa hakirudi kitu.
Qiu husema: acha. Mlango ulio wazi hauiti mtu.
Anayekimbizwa hukimbia.
Yeye mkewe alimwacha huko Lanzhou, na siku ile, asema,
alikata vitunguu, akala, akalala.
Alimpenda; ndiyo maana hakushika upindo wa nguo yake.

Mungu wangu mimi hashindi nyumbani.
Huacha zizi zima wazi usiku
akamfuate mmoja, mjinga, miibani,
na akirudi ana damu vifundoni.
Upendo usiochubuka sijui kuusoma.

Ijumaa moja tulishuka Birkat al-Mauz kutazama falaji.
Maji membamba, hayana haraka,
yanapita chini ya kuta za udongo zilizobomoka, yanaingia migombani.
Mgawa zamu akachomoa tambara tundu hili,
akaziba lile kwa tambara na jiwe,
na shamba la mtu likaanza kunywa.
Qiu akavua viatu. "Tazama," akasema.
"Hayampendi yeyote. Yanakwenda chini tu,
na kila mgomba unashiba."
Nami nilikuwa nimeinama, nachungulia kule yanakotokea,
giza la kimo cha mtoto.
"Nani alichimba?"
Hakujibu.
"Maji hayakujipeleka. Kuna mtu aliingia humo kwa tumbo,
na patasi, na taa ya mafuta,
akijua ndizi hizi hatazila."
Akafikiri kitambo, miguu majini.
"Na yeye," akasema, "alifuata mteremko."
Sikuwa na jibu. Sina hata leo.

Kabla ya kuondoka niliinamisha simu juu ya mfereji,
sekunde arobaini, bila neno,
nikatuma maji.
Alama mbili zikageuka buluu. Basi.
Usiku sikuomba; niliketi jikoni nikimenya viazi vya kesho,
na kitu kikatulia kifuani,
raha, labda, bado haina kichwa.

Saa tano mlango ukagongwa.
Qiu, asiyefuata mtu, asiyeshika upindo,
amesimama na ndala mguu mmoja.
"Mtoto," akasema. "Amejibu?"
Bado, nikasema.
Akaenda. Nikasikia changarawe, hatua tisa, kumi,
kisha changarawe zinarudi.
"Fu," akaita nje, "na sasa?"